Bodi imegoma kutoka

SWALI: Asalam aleikum fundi. Simu ya mama ilimponyoka baharini alipokuwa akivuna mwani. Tumeiweka kwenye mchele siku mbili, haikuwaka. Nimeifungua na kutoa skrubu zote ninazoziona, lakini bodi, lile bamba la ndani lenye njia za umeme, inainuka upande mmoja tu. Niivute?
Kijana wa Micheweni, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Usivute hata kidogo! Bodi ikigoma, kuna kitu bado kimeishika, nacho kipo upande huo usioinuka.

Trei ya laini umeitoa? Mwaka wangu wa kwanza hapa Darajani, Unguja, niliinua bodi ya bibi mmoja, trei ingali ndani. Kishikio cha laini kikang'oka na miguu yake. Nililipa, lakini uso wa yule bibi sijausahau. Kama trei imeshatoka, papasa chini ya stika, maana skrubu hujificha humo. Kisha tazama waya mwembamba wa antena, na kamera ya nyuma.

Na betri, naomba uwe uliichomoa mwanzo kabisa. Kama bado, acha yote uichomoe sasa, kwa kipande cha plastiki, si kwa bisibisi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na betri ikiwa imeunganishwa shaba ya bodi huliwa hata simu ikiwa imezimwa. Mchele hauondoi chumvi: maji hukauka, chumvi ikabaki palepale.

Skrubu zake chora simu kwenye karatasi, kila moja ibandike mahali ilipotoka. Hazilingani urefu. Ndefu ikiingia tundu la fupi hutoboa njia za umeme zilizomo ndani ya bodi, na hapo hata mimi sina la kufanya.

Bodi ikitoka, isugue taratibu kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, hasa penye ukoko mweupe au wa kijani. Iache ikauke vizuri. Betri ikiwa imevimba usiirudishe, tafuta nyingine. Unganisha betri na kioo tu, ujaribu kuwasha kabla ya kufunga.

Ikibaki kimya, usiitupe. Ifunge vizuri, mpe mtu anayevuka kwa boti aniletee. Picha za mama zinakaa kwenye bodi hiyohiyo, na huenda bado zimo.