Wali wa Nazi Siuachi, Lakini Nataka Kupungua

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni hapa Lamu. Tangu nimzae huyu wa mwisho nimenenepa mpaka buibui zangu za zamani haziniingii, na daktari ameniambia presha imeanza kupanda nipunguze mwili. Nikafuata dayati ya kwenye simu, ati asubuhi oti na parachichi na matunda sijui beri, sasa hizo beri mimi nizitoe wapi, nikawa nalala na njaa na wiki ya pili nikayarudia mahamri kwa hasira. Halafu nyumbani anayepika ni mama mkwe, nikikataa wali wake wa nazi anaona namdharau. Nile nini jamani?
Mama Watatu, Langoni

JIBU: Waalaikum salaam dadangu. Hiyo dayati itupe, tena usijilaumu, kwani imeandikiwa mtu mwenye jiko lingine na soko lingine. Wewe unataka chakula ambacho mwakani pia utakuwa unakila, kwa mama mkwe huyohuyo.

Wali usiuache. Mi ningeanza na kikombe kwanza. Chai ya maziwa asubuhi na mahamri, saa nne nyingine, alasiri wageni wamekuja nyingine, na kila moja vijiko vitatu vya sukari. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza ikiwa chini ya asilimia 5 ya nguvu tunazopata kwenye chakula ndio bora zaidi, na kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai, sasa wewe hapo ushapiga 9 na hatujagusa sharubati ya ukwaju wala soda ya watoto uliyoimalizia. Punguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili hivi, ulimi utazoea, iliki na tangawizi zitakusaidia. Juisi nayo, hata ile ya maembe ya nyumbani, afadhali ule embe lenyewe.

Tui sasa. Mafuta gramu 1 ni kalori 9, wanga na protini gramu 1 ni 4, kwa hiyo kinachouongezea wali wa nazi kalori kuliko wali mweupe ni mafuta ya lile tui la kwanza, zito, kasimele. Mwambie mama mkwe kwa adabu, au bora umwombe siku moja moja upike wewe: nazi ikunwe, tui la kwanza liwekwe pembeni, wali upikwe kwa la pili na la tatu, halafu kasimele kidogo tu imwagiwe kwenye mchuzi mwishoni wakati moto umeshapungua. Harufu iko palepale, na nakuhakikishia kuna watu watakula mpaka wamalize bila kujua. Samaki naye awe wa kuchoma au wa mchuzi badala ya kukaangwa, manake kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120 na kikaango hakitumii kijiko kimoja.

Lingine ambalo hiyo dayati ya simu haiwezi kulijua ni sinia. Mkila pamoja kwenye sinia moja huwezi kujua umekula kiasi gani, mkono unaenda tu na maneno yanaenda. Hapo usisuse, kaa nao, lakini jipakulie upande wako mapema: nusu yote iwe mboga, mchicha, mtoriro, bamia, kachumbari isiyo na sukari, robo samaki au kunde, robo wali. Anza na mboga na samaki ndio uje kwenye wali. Mama mkwe akiona umekula chakula chake na umemsifu mchuzi, hatahesabu matonge. Na kusi ikivuma samaki wakawa ghali, pojo na mbaazi zinatosha kabisa, ila mbaazi pia za tui jepesi.

Kwa sababu ya presha angalia na chumvi, kwa siku isifike gramu 5, hicho ni kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja, na ng'onda (samaki wa kukausha kwa chumvi), achari na vile vidonge vya mchuzi vimejaa chumvi tupu. Kama bado unanyonyesha usijikate chakula sana, na dawa ya presha kama umepewa usiiache ati kwa sababu umeanza mboga.

Tembea pia, alasiri jua likipoa shika njia ya ufuoni kwenda Shela na shoga yako mmoja. Dakika 150 kwa wiki ndizo Shirika la Afya Duniani linazoshauri, kwa uchache. Ukipungua nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki ni sawa, na zipo wiki mizani haitasogea kabisa. Mwenye kilo 90 akitoa hata 4 na nusu tu, presha na sukari huwa zinaanza kuleta tofauti.

SWALI: Mimi kijana wa Malindi, rafiki yangu aliacha wanga kabisa na kunywa chai ya sanamaki akatoa kilo nne wiki moja. Je, nami nijaribu?

JIBU: Kilo nyingi hapo ni maji, ndugu yangu. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hushikilia maji kama gramu 3, ukiacha wanga yote yanatoka, siku ukila chapati yanarudi. Sanamaki ni dawa ya kuharisha, inakumaliza maji na chumvi za mwili, mafuta ya tumbo haiyagusi, na ukiinywa kila siku utumbo unaweza kuizoea ukashindwa kwenda choo bila yake. Kama una sukari na unatumia dawa zake au insulini, kuacha wanga ghafla kunaweza kukuangusha njiani, nenda kliniki kwanza wakupangie dozi.