Nisome uzamili gani wa kuendesha asasi, usio na hesabu nyingi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimefanya kazi miaka saba kwenye asasi ndogo ya afya ya jamii, kwanza kama afisa miradi na sasa mratibu. Mkurugenzi wetu anakaribia kustaafu na bodi imenidokeza nijiandae. Nataka kusoma shahada ya uzamili ya uendeshaji wa asasi zisizolenga faida na biashara za kijamii, na nimepata programu tatu. Ya kwanza ni ya miezi 18 na ina masomo mawili ya lazima ya fedha. Ya pili ni ya mwaka mmoja na imejikita kwenye uandishi wa maandiko ya miradi na mahusiano na wafadhili. Ya tatu ni ya mtandaoni, wiki 12 tu, na wanasema uzoefu wangu utahesabiwa kama sehemu ya masomo. Mimi naelekea ya pili. Sisi hatutafuti faida, hesabu tunaye mhasibu, na shida yetu kubwa ni kupata wafadhili wapya. Je, nitakuwa nimekosea?

JIBU: Marahaba. Ndiyo, utakuwa umekosea, na sababu ulizotoa zinanitia wasiwasi kuliko uchaguzi wenyewe. Nafundisha fedha kwa watu wa asasi, na hakuna muhula unaopita bila mtu kuniambia kwamba wao hawatafuti faida, kwa hiyo hesabu haziwahusu. Mara nyingi mtu huyo huyo hunipigia simu baadaye, akiwa ameshakuwa mkurugenzi, akiuliza mishahara ya mwezi huu ailipe kwa fedha zipi.

Asasi isiyolenga faida haijakatazwa kubaki na ziada mwisho wa mwaka. Kilichokatazwa ni kugawana hiyo ziada. Mwanazuoni wa sheria wa Marekani, Henry Hansmann, aliieleza kanuni hii mwaka 1980 kwa namna ambayo bado inafundishwa: waanzilishi, wanachama, wakurugenzi na wajumbe wa bodi hawagawiwi kinachobaki, kinarudi kwenye kazi ya asasi. Asasi inayojivunia kumaliza kila mwaka ikiwa sifuri haina akiba, na asiye na akiba yumo mikononi mwa mfadhili mmoja aliyechelewesha awamu ya pili ya fedha kwa wiki sita.

Utaniambia fedha benki zipo. Za nani? Tuseme akaunti inasoma 300,000, na 280,000 kati ya hizo zimetolewa kwa ajili ya chanjo katika mradi fulani, kwa mkataba uliosainiwa. Hizo ni amana. Zenu ni 20,000, na kama mishahara ya wafanyakazi wasio kwenye mradi wowote ni 15,000 kwa mwezi, mna uhai wa mwezi mmoja na siku kadhaa. Mkurugenzi asiyejua kutenganisha fedha zenye masharti na fedha huru anaangalia salio, anapumua, anaajiri. Mhasibu wako anaweza kuwa anaandika kila kitu sawasawa wakati hayo yanatokea, kwa sababu kazi yake ni kuandika na kutoa taarifa. Kuamua mradi upokelewe au ukataliwe, na kwa bei gani, ni kazi yako na ya bodi.

Sasa nije kwenye hilo la wafadhili wapya, maana ndipo penye kiini cha swali lako.

Kila asasi ina gharama ambazo hakuna mradi mmoja unaozimiliki: pango, ukaguzi wa hesabu, bima, mfumo wa kompyuta, mshahara wa mhasibu na wa mkurugenzi. Tuchukue kwamba kwenu gharama hizo za pamoja ni sawa na asilimia 18 ya gharama za moja kwa moja za miradi, na wafadhili wenu wanakubali kulipa asilimia 7. Miradi ya 1,000,000 inawaachia pengo la 110,000 kila mwaka. Ukifundishwa vizuri sana kuandika maandiko, ukashinda mradi mwingine wa 500,000 kwa masharti yale yale na uwiano ukabaki pale pale, pengo linakuwa 165,000. Mmefanya sherehe, mmepiga picha na mfadhili, na mmezidi kuzama. Sijaweka hapo wizi wala uzembe. Ni andiko zuri lililoshinda kwa bei mbaya.

Na pengo hilo halikai tu kwenye karatasi. Hulipwa na wafanyakazi wanaofanya kazi za watu wawili, na kompyuta zisizobadilishwa, na mwishowe, mambo yakibana, na fedha za mradi mmoja zinazoazimwa kimyakimya kuziba mradi mwingine. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoleta barua ya mkaguzi. Mwaka 2009 Ann Goggins Gregory na Don Howard waliueleza mwendo huu kama mzunguko wa njaa: mfadhili anatarajia gharama ndogo za uendeshaji, asasi inaficha gharama zake halisi ili imridhishe, mfadhili anaona zile ndogo kuwa ndiyo kawaida, na mwaka unaofuata anatarajia ndogo zaidi. Mwaka 2013 taasisi tatu za Marekani zinazowapa wafadhili taarifa na tathmini za mashirika ya hisani, yaani GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliandika barua ya wazi kuwasihi wafadhili wasilipime shirika kwa asilimia ya gharama za uendeshaji peke yake. Hata hivyo bado nakutana na wakurugenzi wanaojitapa mbele ya bodi kwamba gharama zao za uendeshaji ni asilimia 4. Huwa nauliza: nani anazilipa hizo nyingine?

Usidhani haya huwapata wadogo peke yao. FEGS, shirika la huduma za jamii la New York, lilianzishwa mwaka 1934 na lilikuwa likihudumia zaidi ya watu laki moja kwa mwaka. Lilikuwa na mikataba tele ya serikali. Mwishoni mwa 2014 ikabainika lina hasara ya zaidi ya dola milioni 19, na mwaka 2015 likaomba ulinzi wa mahakama kama mufilisi. Hull House ya Chicago, asasi ya kuhudumia maskini na wahamiaji iliyoanzishwa mwaka 1889 na Jane Addams, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, ilifungwa Januari 2012 kwa kukosa fedha. Jina lilikuwepo, historia ilikuwepo, na wahitaji walikuwa bado mlangoni.

Kuhusu biashara za kijamii, yaani zile zinazouza bidhaa au huduma ili kutatua shida ya jamii, nitasema kidogo, kwa sababu hujauliza moja kwa moja, ila jina la shahada unayoitaka linazibeba. Dhana ya wengi ni kwamba asasi ikichoka kuomba, inafungua biashara na kuachana na wafadhili. Biashara changa hula fedha kabla ya kuzileta, na hula pia muda wa mkurugenzi. Kabla ya kuanza inabidi ujue kila unachouza kinagharimu kiasi gani hadi kumfikia mteja, kinabakiza nini, na ni vingapi viuzwe ndipo gharama za kudumu zirudi. Hayo ni masomo yale yale ya fedha unayotaka kuyakimbia, tena hapa ni makali zaidi. Kisha kuna umbo la kisheria. Italia ina sheria ya vyama vya ushirika vya kijamii tangu 1991. Uingereza ilianza mwaka 2005 kusajili kampuni za maslahi ya jamii ambazo mali zake zimefungwa, hazitolewi nje kuwatajirisha wenye kampuni. Grameen Bank ya Bangladesh kwa sehemu kubwa inamilikiwa na wakopaji wake. Mapato yanayofanana yanaweza kutozwa kodi katika umbo moja na kusamehewa katika jingine, na programu isiyofundisha sheria ya mambo haya haistahili kujiita ya biashara za kijamii.

Kwa hiyo chukua ile ya miezi 18, lakini usiichukue kwa ajili ya miezi yake. Omba mtaala kamili, si kipeperushi. Tazama kama somo la fedha linagusa mgawanyo wa gharama za pamoja, fedha zenye masharti, mtiririko wa fedha na sera ya akiba, au ni uhasibu wa kampuni uliobadilishwa jalada. Tazama kama kuna somo la utawala wa bodi, na kama tathmini inakufundisha kutofautisha idadi ya semina mlizofanya na mabadiliko ambayo yasingetokea bila ninyi. Uliza nani anafundisha. Mtu aliyewahi kutia saini hesabu zilizokaguliwa ana thamani kuliko mwenye slaidi nzuri. Uandishi wa maandiko utajifunza kazini, na kwa miaka saba nadhani umeshajifunza sehemu kubwa. Kama una nafasi ya tasnifu, iandike juu ya gharama halisi za asasi yako mwenyewe. Bodi itakushukuru hata kabla hujahitimu.

Ile ya wiki 12 nimeiacha mwisho kwa sababu inanichefua. Shahada ya uzamili ya kawaida Uingereza ni krediti 180, yaani vipimo vya uzito wa masomo, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 1,800. Zigawe kwa wiki 12: unapata saa 150 kwa wiki, na wiki nzima ina saa 168. Wanakuachia chini ya saa tatu kwa siku za kulala, kula na kufanya kazi. Ndiyo, vyuo vya kweli huweza kutambua uzoefu wa mtu, lakini kwa ukomo, kwa ushahidi unaopimwa, na kwa maandishi. Havikuhesabii miaka saba kwa kujaza fomu na kulipa ada kwa kadi. Wala usitulizwe na nembo ya ithibati iliyoko kwenye tovuti yao. Kuna vyombo vya ithibati ambavyo vimetungwa na wauza vyeti wenyewe. Nenda kwa mamlaka ya elimu ya juu ya nchi ambako chuo kimesajiliwa, utafute jina hilo kwenye orodha yao wenyewe. Lisipokuwepo, hakuna cha kujadili.

Makanjanja wa vyeti wana ndugu zao, na hao ndio watakaokufuata mara tu jina lako litakapotangazwa kuwa mkurugenzi. Ni wale wanaouza violezo vya maandiko "yaliyoshinda", na wale wanaosema watakuandikia bure, kisha wachukue asilimia 10 ya fedha zikiingia. Maadili ya taaluma ya uchangishaji, ukiwemo mwongozo wa chama cha kimataifa cha wachangishaji, AFP, yanakataza malipo ya asilimia ya fedha zilizopatikana. Sababu ni ya kawaida kabisa. Mfadhili ametoa fedha kwa chanjo, na hiyo asilimia 10 haimo kwenye bajeti aliyoidhinisha. Itabidi ifichwe mahali, pengine kwenye mstari wa "mafunzo" au "ushauri", na saini iliyo chini ya taarifa hiyo ya fedha itakuwa yako. Mwandishi wa andiko hatakuwa na saini popote. Kama unamhitaji mwandishi, mlipe ada inayojulikana mapema, kutoka fedha huru, iwe mmeshinda au mmeshindwa. Na kama asasi haina fedha huru za kumlipa, mpeleke mhasibu wako kwenye kikao kijacho cha bodi akawaonyeshe pengo la gharama za pamoja kwa miaka mitatu iliyopita, kabla hamjatafuta mfadhili mwingine yeyote.