Tuulize kuhusu mbwa na paka: Dawa ya ng'ombe si ya paka

Barua za safari hii nyingi zimetoka Nakuru na pande za ziwa. Tumetanguliza zile ambazo mnyama wake hawezi kusubiri.

SWALI: Nina mtoto wa mbwa wa wiki 11. Mwezi uliopita nilinunua chanjo agroveti nikamdunga mwenyewe nyumbani. Tangu jana anatapika povu la manjano, na leo asubuhi ameharisha damu yenye harufu kali sana. Nimempa maziwa na yai bichi, vyote vimerudi. Jirani anasema amelishwa sumu, wengine wanasema ni minyoo. (Msomaji, Lanet, Nakuru)

JIBU: Acha maziwa na yai sasa hivi, na usimpe dawa ya minyoo akiwa anatapika. Kwa umri huo na dalili hizo, tunashuku parvo kabla ya kitu kingine chochote. Virusi hivi hushambulia utando wa utumbo na uboho wa mifupa kwa pamoja. Utumbo unachubuka na kutoa damu, kinga ya mwili inaanguka, na bakteria wa tumboni wanapata njia ya kuingia kwenye damu. Kinachoua ni kuishiwa maji pamoja na bakteria hao, na mara nyingi kifo huja ndani ya siku 2 au 3 tangu kutapika kuanze.

Mwinue mdomo uone ufizi. Ufizi wa mbwa mwenye afya ni wa waridi na umelowa mate. Ubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha uachie: rangi inapaswa kurudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Ukikuta ufizi mkavu unaonata kwenye kidole, au umepauka na rangi inachelewa, amekwisha kupoteza maji mengi. Dripu ni ya leo, si ya kesho. Kama ufizi bado ni mzuri, mpeleke vilevile, maana hali hubadilika kwa saa chache.

Hakuna dawa ya kawaida inayoviua virusi vyenyewe. Daktari humwongezea maji kwenye mshipa, humzuia kutapika na humpa antibayotiki ya kukabili wale bakteria. Wengi wanaofikishwa mapema hupona, na wengi wanaoachwa nyumbani hufa. Piga simu kliniki kabla hujafika, kwa sababu parvo huambukiza mno na hatakiwi kuketi kwenye foleni na watoto wengine wa mbwa. Mbebe ndani ya katoni iliyotandikwa plastiki na matambara, umfunike, kwa kuwa joto lake hushuka upesi.

Kuhusu chanjo, kuna mambo mawili yanayoiangusha. Kwanza, kinga aliyonyonya kwa mama yake huweza kuiua chanjo ya mapema kabla haijafanya kazi, na hakuna anayejua kwa macho kinga hiyo inakwisha lini. Kwa hiyo huanzwa kati ya wiki 6 na 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kisha tena baada ya mwaka. Sindano moja haitoshi. Pili, chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ukiitia mfukoni na kupanda nayo matatu mchana wa jua, unachomdunga ni maji tu.

Nyumbani, ondoa kinyesi chote na uoshe sakafu kwa sabuni kwanza, kwa maana klorini haina nguvu juu ya uchafu. Halafu changanya robo lita ya dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini na lita 5 za maji, mwaga, uache dakika 10 kabla ya kusuuza. Kwenye udongo dawa hiyo haisaidii sana, na virusi vinaweza kukaa humo mwaka mzima au zaidi. Usilete mtoto mwingine wa mbwa kwenye ua huo kabla hajamaliza chanjo zote.

SWALI: Kupe wametushinda. Nilinunua dawa ya kuogeshea ng'ombe nikawaogesha mbwa wawili na paka. Mbwa mmoja analala tu. Paka anatetemeka, masikio yanacheza na anatoa mate. (Mama wa watatu, Mamboleo, Kisumu)

JIBU: Mama, anza na paka, hata kabla ya kumaliza kusoma. Mwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kutoka shingoni hadi mkiani, mara mbili. Maji ya moto huongeza dawa inayoingia kwenye ngozi, na ya baridi humzidishia mtetemeko. Mkaushe, mfunge taulo asijilambe, umpeleke kwa daktari pamoja na chupa ya dawa. Usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa. Kinachofuata mtetemeko huo ni degedege.

Soma jina la kiungo kwenye chupa. Likiishia na «-methrin», kama cypermethrin au permethrin, ujue ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo jinsi la mbwa linavyofanya. Tone linalomtosha mbwa laweza kumuua paka. Hata mbwa aliyeogeshwa leo asilale kikapu kimoja na paka mpaka akauke kabisa.

Likiwa ni amitraz, hiyo nayo si ya paka, na huenda ndiyo inayomlaza mbwa wako, hasa kama ulikadiria kwa kifuniko. Kwa mbwa mzima, chupa ya asilimia 12.5 hupimwa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, kwa sirinji. Mbwa mwenye kisukari, jike mwenye mimba na mtoto wa chini ya miezi 4 wasiipate. Mbwa aliyelegea na kupoa mwili naye aoshwe, kisha aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Sasa kupe wenyewe. Wale unaowaona juu ya mbwa ni wachache; wengi wako kwenye nyufa za ukuta, chini ya mbao za kibanda na nyuma ya matandiko. Jike mmoja aliyeshiba hujidondosha na kutaga maelfu ya mayai humo. Ukimwogesha mbwa na kuacha kibanda, baada ya wiki chache uko palepale. Choma matandiko ya zamani, ziba nyufa, nyunyiza kibanda dawa inayoruhusiwa mahali pa mbwa, na urudie kwa ratiba iliyoandikwa kwenye chupa. Kwa mwili wa mbwa, tumia kidonge au tone la mgongoni ulilopimiwa kwa kilo zake. Kagua ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia na chini ya ukosi wa shingoni. Kupe mmoja mmoja mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, ukivuta moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta ya taa humuunguza mbwa tu.

Mbwa aliyekuwa na kupe akianza kukataa chakula, ufizi ukapauka, mkojo ukawa rangi ya kahawa au pua ikatoa damu, hizo ni homa za kupe. Zina dawa, lakini hutafutwa kwa kipimo cha damu.

SWALI: Paka wangu dume anaingia na kutoka kwenye mchanga wake, anachutama, analia, hatoi kitu. Nadhani amefunga choo. Nimempa nusu ya Panadol. (Msomaji, Milimani, Kisumu)

JIBU: Usimpe tena. Parasetamoli huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Ufizi huwa wa kahawia na uso huvimba, na nusu kidonge yaweza kuua. Mwambie daktari umempa saa ngapi.

Mara nyingi dume anayechutama hivyo amefungwa mkojo, si choo. Njia yake ni nyembamba, na huzibwa na chembechembe na ute. Ukigusa tumbo karibu na miguu ya nyuma ukahisi kitu kigumu cha mviringo mfano wa ndimu, usikibonyeze, maana kibofu chaweza kupasuka. Sumu ya mkojo hupanda kwenye damu na kuuvuruga moyo, na ndani ya siku moja au mbili paka hufa. Mpeleke usiku huu.

SWALI: Mbwa wa jirani, hajachanjwa, amemuuma mwanangu mguuni. Vijana wanataka kumuua. (Mzazi, Bungoma)

JIBU: Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa, kisha mpeleke mtoto hospitali leo aanze chanjo ya kichaa cha mbwa na amalize sindano zote. Usipake pilipili, majivu wala kahawa. Usingoje kuona mbwa atakuwaje: dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa asiuawe kama anaweza kufungiwa mahali salama. Mate yake huambukiza siku chache tu kabla hajaanza kuugua, kwa hiyo akiwa mzima siku 10 baada ya kuuma, hakuwa akiambukiza siku ile. Wajulisheni maofisa wa mifugo wa kaunti. Kama amekwisha kuuawa, kichwa kisipondwe, kwa sababu kipimo hufanywa kwenye ubongo.

SWALI: Paka wetu hula omena mbichi tu, kila siku. Ni sawa? (Msomaji, Dunga)

JIBU: Ichemshe. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayekosa vitamini hiyo huyumba na kuinamisha kichwa kifuani. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Changanya pia na maini kidogo au yai lililoiva, na omena kavu uisuuze mchanga kwanza.

SWALI: Ngurumo zikianza, mbwa wetu huvunja geti na kukimbia. Kumchapa na kumfunga mnyororo hakujasaidia. (Baba mwenye nyumba, Kakamega)

JIBU: Hafanyi ukaidi, ameshikwa na hofu. Kiboko humfundisha kwamba ngurumo huja na maumivu, na mnyororo waweza kumnyonga akiruka. Wingu likianza kujikusanya mchana, mwingize ndani mapema. Chagua chumba cha katikati au stoo isiyo na dirisha, weka tandiko lake chini ya meza iliyofunikwa blanketi, washa redio na umpe mfupa mbichi mkubwa wa kutafuna. Akija kukuegemea, mwache. Kumtuliza hakumfundishi kuogopa.

Mafunzo yenyewe yafanyieni miezi ya mvua chache, Desemba hadi Februari. Chezesha sauti ya ngurumo kwenye simu, chini kiasi kwamba anageuza sikio tu, huku ukimpa vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa, dakika 5 kwa siku. Akitulia siku 3 mfululizo, panda kidogo. Akikataa ini, umepanda haraka, rudi chini. Kazi hii huchukua wiki nyingi. Kama hofu ni ya kujiumiza, daktari anaweza kuandika dawa ya kutuliza wasiwasi ya kutolewa kabla ya mvua. Mwulize iwapo inaondoa hofu au inalegeza misuli tu, kwa sababu dawa ya kulegeza peke yake humwacha mbwa amelala na hofu ileile, asiweze kukimbia.