Uliza Mama: "Banasema mutoto wangu anaongea kama pede"

Mama, jambo sana. Niko mama wa batoto ine, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Wangu wa pili eko na miaka 17, anaimbaka mu korali ya paroki, anasomaka muzuri, hana matata na mutu. Lakini sauti yake iko laini, akiongea anavuta maneno na mikono nayo inaongea pamoja naye. Tangu mwaka juzi bavijana ba ku avenue banamuita pede, ile tusi ya mwanaume mwenye kupenda banaume, akipita tu banaanza kumuigiza, "eeeh mamaaa", yeye anainamisha kichwa anaenda. Ile inaniuma, lakini yenye imenileta kwako ni baba yake. Asema atamutuma Kolwezi kwa mudogo wake, akachimbe ku karieri mupaka sauti ikomae. Juma iliyopita tulikuwa na bageni, akamuambia asome Biblia "na sauti ya mwanaume". Mutoto alisoma mistari mbili, sauti ikakatika, akatoka inje. Biblia ilibaki wazi pa meza, hakuna mwenye aliifunga. Mama, ni kweli sauti inaonyeshaka kama mutu eko vile? Na inabadilikaka?

Mama wa Katuba

Mama wangu, nimesoma barua yako mara tatu na ile Biblia pa meza bado inanisumbua. Nakupa jibu kwanza alafu nitaeleza: hapana, sauti haionyeshi mutu anapenda nani, na kumutuma ku karieri haitamubadilisha sauti, itamuharibia mapafu.

Sauti inatokea mu koo, pale kuko nyuzi mbili fupi za nyama zenye zinatetemeka wakati pumuzi inapita. Mutoto mwanaume akibalehe zinarefuka na kunenepa, njo maana sauti inavunjika-vunjika kisha inashuka. Kwa mwanaume mukubwa zinatetemeka karibu mara 120 kwa sekunde, kwa mwanamuke karibu mara 200, lakini ile ni hesabu ya katikati tu, kuko banaume bengi sana benye sauti zao ziko juu ya pale, baba ba familia na batoto wao saba, mapasta, makomanda. Na kuko benye banapenda banaume na sauti zao ni nzito kama mashine ya kusaga mihindi. Urefu wa nyuzi haujui kitu juu ya mapendo ya mutu.

Alafu usikilize muzuri kile bale bavijana banaigiza. Haiko hata wembamba wa sauti, banaigiza namna: ile "s" kali kama filimbi, ile "mamaaa" ya kuvuta, kupanda na kushuka, na mikono. Ile yote mutu anaiokota kwa batu kama vile sisi wote tuliokota hii Swahili yetu, hakuna mwenye alizaliwa anasema "njo vile". Mutoto mwenye alikulia karibu na nyanya yake na badada zake anaweza kushika muziki ya maneno yao, na mwenye anaimba korali tangu mudogo anazoea kuvuta vokali na kumaliza neno muzuri juu mwalimu wa korali njo anamuomba vile kila jumamosi. Sijui mutoto wako aliokota wapi, wewe njo unajua nyumba yako, lakini ukikaa ukisikiliza bashangazi zake banaongea labda utasikia kitu.

Bataalamu ba luga nao balishachunguza. Mu 1994, kule Marekani, Rudolf Gaudio alirekodi banaume munane, nusu banapenda banaume, nusu banapenda banamuke, akapima kama sauti za bale ba kwanza zinapanda na kushuka kupita za bengine, hakupata tofauti ya maana. Mu 2003 Ron Smyth, Greg Jacobs na Henry Rogers, bataalamu ba Toronto kule Kanada, balisikilizisha batu sauti za banaume 25 bila kubaonyesha sura, bakabaomba bakisie nani ni nani. Masikio ilikosea pande zote mbili. Benye banapenda banaume balisikika "banaume ba kawaida", na benye banapenda banamuke nao bakawekwa upande ingine juu ya namna ya kutamka tu. Sikatai, kuko banaume benye banapenda banaume na banaongea vile kweli, ni sauti yao na haina kosa. Lakini ukitumia sikio kama kipimo utatupa mutu mwenye hayumo na utaacha mwenye yumo, kisha utarudi nyumbani unajiambia unajua batu.

Kuko mutaalamu wa luga mumoja, Robert Podesva, ule njo alinifungua macho zaidi. Mu 2007 alitoa kazi juu ya mwanaume mumoja mwenye kupenda banaume, mwanafunzi wa udaktari, alimurekodi akiwa na barafiki banachoma nyama, akiongea na baba yake ku simu, na akiwa mbele ya mugonjwa. Ile sauti ya kuruka juu kabisa ilijaa ku nyama choma, mbele ya mugonjwa ikapungua sana. Koo ni moja na mutu ni mumoja, kilichobadilika ni eko na nani.

Nenda ku soko ya komini yetu ya Kenya siku yoyote asubui usimame karibu na mama muuza samaki ya mikebuka. Anaita bateja na sauti yenye inafika ku barabara, "kuya, mama, kuya uone, ile ya kweli!", simu inalia, anaangalia jina, ni mama mukwe, anapanguza mukono ku kitenge, na ile sauti yote inaingia chini, inakuwa ndogo, nyororo, "ndiyo mama, ndiyo, tuko salama". Anakata simu, anarudi "kuya, mama!" Nani anaweza kusema sauti yake ya kweli ni ipi? Zote mbili ni zake. Mutoto wako naye eko na sauti yenye anatumia akiwa na amani, na ile siku ya bageni mulimunyanganya.

Baba Katuba, naongea na wewe sasa, juu najua gazeti hii itapita mikononi mwako. Wewe umeogopa, na najua unaogopa nini, unaogopa avenue ikucheke kupitia kijana wako. Lakini kijana wa miaka 17 haruhusiwe kuchimba, karte ya muchimbaji inapewa paka mutu mukubwa, na sheria ya 2009 ya kulinda mutoto inamuhesabu mutoto mupaka afike miaka 18. Tena kule ku karieri mashimo inaanguka, batu banafia ndani, ile unajua kupita mimi. Unamutuma mutoto kwenye kifo kinakaa karibu, juu ya "s" yake?

Na kuko kitu ingine chenye sisi batu ba huu muji hatupashwi kusahau. Mu 1992 na 1993 Bakasai, batu benye asili ya Kasai, balifukuzwa hapa Katanga, familia nzima zilikaa ku gare ya Likasi na ya Kolwezi zinangoja treni, batoto balikufia pale. Bengi balizaliwa hapa hapa, baliongea Swahili ya hapa, hawakujua hata njia ya kwenda Kasai. Tulijizoeza kumusikia mutu jina lake na namna anatamka, alafu tukamaliza hesabu yake pale pale. Miye nilikuwa mukubwa tayari, nilisikia, nilinyamaza. Njo maana leo nikisikia bavijana bamesimama ku kona banapima mutu na kinywa chake siwezi tena kunyamaza.

Fanya hivi mama. Siku moja bila mugeni, mukiwa paka nyinyi, umuombe asome tena ile mistari na sauti yake mwenyewe, na baba akae pale asikilize mupaka mwisho. Bamama ba bale bavijana unabajua, nenda kwao na mama mwenzio mumoja, muongee kimama, juu matusi ya ku kona ikiachwa inakuaka mawe. Na umuongeleshe mwalimu wa korali, umuulize kama kule ndani nako banamucheka. Kuhusu anapenda nani, usimuulize kupitia sauti yake. Kama kuko kitu, siku moja atakuambia yeye, na atachagua kukuambia kama aliona ulimusimamia wakati wa Biblia.

*

Mama, mimi niko dereva wa kamio, Lubumbashi–Kasumbalesa, miaka 29. Napenda banaume, hakuna mwenye anajua. Sauti yangu ni nzito, barafiki ba ku parking banasema niko na sauti ya ngoma. Tukingoja ku mupaka wa Zambia siku mbili tatu banaanza kuigiza "bapede" na ile sauti nyembamba, nami nacheka juu nisipocheka bataniangalia. Usiku mu kabine najiona mubaya sana. Ya kwanza, mbona kila mutu anazani tuko na sauti moja? Ya pili, nifanye nini?

Wa ku barabara

Mwanangu, asante kwa kuniamini, jina lako sijaliuliza na sitaliuliza.

Ile sauti moja batu baliifundishwa. Mu Marekani, kuanzia 1934, filamu zilibanwa na kanuni kali, ilikatazwa kuonyesha wazi mutu mwenye kupenda mutu wa jinsia yake. Basi batengenezaji balifanya nini? Balimuonyesha na alama: mukono kulegea, kutembea kwa madaha, na sauti. Batazamaji balielewa bila neno kusemwa. Zile filamu zikaenda dunia nzima, zingine zikaigiza zile, mupaka leo mutu wa Kasumbalesa mwenye hajawahi kuzijua anaigiza sauti yenye ilitengenezwa mbali sana na yeye. Wewe ulikuwa umekaa pale pale kati yao na sauti yako ya ngoma, hawakukuona, juu masikio yao ilikuwa inatafuta ingine.

Na kuko upande ingine wa hii mambo wenye unanigusa. Kuko pahali batu bako balijitengenezea kweli luga yao, kwa kujificha. Uingereza balikuwa na Polari, maneno ya kuokotaokota kwa mabaharia, batu ba teatre na ba soko, ilisaidia sana mupaka 1967 wakati sheria ya England na Wales iliacha kubafunga banaume wakubwa juu ya mambo ya sirini, kisha ikafifia. Afrika Kusini kuko isiNgqumo, iko ndani ya luga za Kibantu kama zetu. Batu baliongea vile mbele ya polisi na polisi hakuelewa kitu. Kwa hiyo hata mahali namna ya kuongea ya kipekee iko, mara nyingi ilizaliwa kama paa ya kujikinga mvua.

Ya pili. Katiba yetu ya 2006, artikle 40, inasema ndoa ni ya mutu na mutu wa jinsia ingine. Kanuni ya azabu ya Kongo haitaji kupendana kwa banaume bakubwa kama kosa kwa jina, lakini kuko artikle 176 ya kuharibu adabu ya watu wote, na ile inaweza kutumiwa juu yako, kwa hiyo ujichunge. Artikle 31 ya Katiba nayo inalinda maisha ya siri ya kila mutu na barua zake. Usimuambie mutu ku parking. Hauna deni ya kuambia mutu yeyote. Lakini kucheka unaweza kupunguza: ukiona banaanza, shuka uangalie matairi, jaza maji, piga simu nyumbani. Na siku yenye utajisikia na nguvu, na ile sauti yako yenye banaiheshimu, sema tu "muache ule mutu, alikufanya nini?" Dereva yeyote mwenye roho anaweza kusema ile, haitakutoa inje. Na tafuta mutu mumoja tu, hata kama eko mbali, mwenye unaweza kumuongelesha bila kuchunga kinywa. Usiku tatu ku mupaka peke yako na ile mawazo ni mingi.

*

Mama, tuko na trupe ya teatre hapa komini Kenya, bakijana saba. Miye nachezaka role ya pede, nafanya ile sauti, batu banaanguka na kucheka. Rafiki mumoja alitoka katikati ya mchezo, mupaka leo haniongeleshi. Nilikosea?

Mucheza teatre

Ndiyo, na naona unajua juu ungekuwa hujui usingeniandikia. Nenda kwa rafiki yako, usieleze mambo ya teatre, sema paka "nisamehe", alafu unyamaze umusikilize, hata kama hatakuambia sababu. Usimuulize sababu.

Kwa role, huu muji ulikuwa na kundi la teatre la Mufwankolo, miaka mingi ku radio na ku televizyo batu banacheka kwa Swahili yetu hii hii, kundi lilicheka bakubwa, ugomvi ya bwana na bibi, kiburi, mambo ya kila nyumba. Ule mutu wako ana nini zaidi ya sauti? Mupe kazi, mupe deni kwa muuza bukari, mupe mama mugonjwa, na umuchezeshe na sauti yako ya kila siku, hii yenye unaagiza nayo bukari. Mufanye repetisyo moja vile, siku ya mukutano wenu. Kisha uniandikie bale sita balifanya nini.