Kifungo cha sare ya Mwingereza: punguza miaka kwanza

Wewe unayeanza kukusanya vifungo vya kale vya jeshi la Uingereza, kabla hujakitafutia kifungo vita, kitafutie mipaka: hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka gani, wala cha baada ya mwaka gani?

Chukua chenye namba 24. Vikosi vya askari wa miguu viliamriwa kuweka namba kwenye vifungo mwaka 1767, kwa hiyo mpaka wa chini tayari unao. Sasa tazama madini. Askari wa kawaida walivaa vya aloi ya bati, vya kijivu, hadi 1855 walipoletewa vya shaba ya njano. Mwaka 1871 namba zikaondolewa, wakapewa kifungo kimoja cha wote chenye nembo ya kifalme. Maofisa waliendelea na namba zao hadi mageuzi ya 1881, kikosi cha 24 kilipoitwa South Wales Borderers.

Basi muuzaji akikwambia kifungo chake cha shaba chenye 24 kilitoka kwa askari wa kawaida aliyeuawa katika vita dhidi ya Wazulu huko Isandlwana, Afrika Kusini, Januari 1879, mwombe ushahidi. Huenda hadanganyi, maana hadithi hizi hurithiwa pamoja na vifungo. Lakini usilipie hadithi.

Taji lililochorwa kwenye kifungo nalo husaidia, ila lina mtego. Kuanzia 1901 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, matao yake yamepanda kwa mviringo. La Elizabeth II limebonyea katikati, na la Victoria mara nyingi hivyo hivyo, ndiyo maana wageni huyachanganya. Kipime mkononi: kikiwa chepesi mno na kinang'aa bila kusuguliwa, hiyo ni alumini ya baada ya Vita Vikuu vya Pili. Na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki walimotumikia babu zetu wengi, iliundwa 1902, Victoria akiwa ameshafariki. Ukiuziwa kifungo chao kwa madai kwamba taji ni la Victoria, kitilie shaka.

Mimi huanzia mgongoni. Humo mna kitanzi, na mara nyingi jina la mtengenezaji, kama Firmin wa London au Gaunt wa Birmingham. Nakili kila herufi, hata anwani, kwa kuwa makampuni yalihama na kubadili majina, na kila badiliko linakupunguzia miaka. Tumia lenzi na mwanga wa pembeni. Usikisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba: vya maofisa vilipakwa dhahabu nyembamba sana, na ikishatoka hairudi.