Linka ikiuawa ukijenga LLVM, anzia kwenye ramu

Mkuu wa Lindi, umesema unajenga LLVM (mkusanyiko wa zana za kutengenezea kompaila) pamoja na Clang (kompaila yake ya C na C++), zinajengeka vizuri, zikikaribia mwisho linka, yaani programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa kuwa programu moja, inauawa na unapata "collect2: fatal error: ld terminated with signal 9 [Killed]", na mashine yako ina ramu ya GB 8. Usibadilishe kompaila wala usipakue msimbo (source code) upya, bando linauma. Msimbo wako ni mzima.

Signal 9 hapa maana yake kerneli (kiini cha mfumo endeshi) imeiua linka kwa nguvu, kwa kawaida kwa sababu ramu imeisha. Andika `sudo dmesg | grep -i "out of memory"`, utaikuta ld, yaani linka ya kawaida, imetajwa humo. Kukompaili faili mojamoja hakuli ramu sana. Linka ndiyo mlaji, kwa sababu hubeba maktaba zote za LLVM ili itoe programu moja, na Ninja (programu inayoendesha kazi ya ujenzi) huanzisha linka kadhaa kwa pamoja kulingana na kori za prosesa ulizonazo. Clang na programu nyingine za LLVM kama opt na llc zikigongana hapo, tena kwa Debug (ujenzi unaobeba taarifa za kusaka makosa), GB 8 hazifui dafu. Hapa Mtwara natumia desktop yenye ramu kama yako, na hii ndiyo inayonivusha:

`cmake -G Ninja -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DLLVM_ENABLE_PROJECTS=clang -DLLVM_TARGETS_TO_BUILD=X86 -DLLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1 -DLLVM_USE_LINKER=lld ../llvm`

Weka lld, linka ya mradi wa LLVM, kwanza kwa apt. Inakula ramu kidogo kuliko ld ya kawaida na ina kasi kubwa. Hiyo LINK_JOBS, inayoruhusu linka moja tu kwa wakati, inasikilizwa na Ninja tu, kwa make (mwendeshaji mwingine wa ujenzi) haifanyi kitu. Kama lazima utumie Debug, ongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia ramu), na ujue diski ya kuzunguka itakuchosha.

Sasa suala la umeme, ambalo miongozo mingi hailigusi na sisi wa huku kusini linatuhusu. Ukikatika katikati ya kazi, usifute folda ya build. Ukirudi, andika `ninja` tu, itaendelea ilipoishia. Ila faili ya .o (kipande kilichokwisha kukompailiwa) iliyokuwa inaandikwa wakati ule inaweza kubaki nusu au tupu, na ld ya kawaida italalamika "file format not recognized" au "file truncated". Ifute hiyo moja iliyotajwa, kisha endelea. Nimeona watu wakianza upya kazi ya usiku kucha kwa ajili ya faili moja, na inasikitisha.

Kosa la "cannot find -lz" ni jambo dogo: maktaba ya zlib unayo, umekosa pakiti ya kujengea, zlib1g-dev. Kwa wanaojenga GCC, -lgmp nayo ni hivyohivyo, weka libgmp-dev.

"undefined reference", yaani linka haioni kitu kilichoitwa na msimbo, ni ugonjwa mwingine kabisa. Kwenye amri yako, maktaba ya .a ikae baada ya faili zinazoihitaji. Na ukiona `std::__cxx11` ndani ya jina linalokosekana, shuku maktaba iliyojengwa kwa ABI (namna vipande vilivyokompailiwa vinavyoelewana) ya zamani, kabla ya GCC 5 ya mwaka 2015. Ijenge upya kwa kompaila unayotumia sasa, na ufute CMakeCache.txt (faili ambamo cmake hutunza mipangilio ya zamani) kabla ya kurudia.

Ikikataa bado, bandika hapa kila kitu kuanzia neno FAILED hadi mwisho, pamoja na jibu la `free -h`.