Mbao imetoboa mti: kabla hujasema feki

Swali lenu la wiki hii linauliza, ukitumiwa picha ya uharibifu wa dhoruba inayoshangaza kupita kiasi, unajuaje kama ni ya kweli au imetengenezwa. Nilitaka kujibu kwa mistari miwili ila naona ntaandika zaidi, manake jambo hili limeniachia kovu.

Kuna rafiki yangu alituma picha kwenye grupu letu asubuhi moja baada ya upepo mkali wa usiku, bati zima limejiviringisha kwenye shina la mti, limekaza kama bandeji mguuni. Mimi nikawa wa kwanza kuandika "hiyo edit hiyo", wengine wakafuata, kicheko juu ya kicheko, yeye akanyamaza. Kumbe lile bati lilikua la chumba anacholala mama yake. Mama alitoka salama lakini yule rafiki alikaa siku mbili bila kuandika chochote pale, na msaada aliokua anaomba kwenye meseji ya pili hakuna aliyeusoma kwa makini, manake tayari tulishaamua kwamba picha ni ya uongo. Tangu siku hiyo nimejisomea sana haya mambo, na ninachoamini sasa ni kwamba kitu kuonekana hakiwezekani sio dalili ya uongo, angalau sio kwa dhoruba.

Tunachosahau ni kwamba upepo ukiongezeka spidi mara mbili, msukumo wake hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Kwa hiyo upepo wa kilomita 300 kwa saa sio ule wa 150 uliochangamka kidogo, ni kitu kingine kabisa, na tonado kubwa, ule upepo mwembamba unaozunguka kwa kasi kama nguzo, zinavuka hapo. Kwenye kipimo cha ukali wa tonado kinachoitwa EF wanachotumia Marekani, daraja la juu, la 5, linaanzia kama kilomita 322 kwa saa. Chuo Kikuu cha Texas Tech kipo Lubbock, mji uliopigwa na tonado mbaya sana Mei 1970, na pale wana mzinga wa hewa, wanaupakia mbao wanaifyatua kwenye kuta na milango waone itapita au haitapita. Kwa vyumba vya kujificha wanatumia mbao ya kilo 6.8 hivi ikienda kama kilomita 160 kwa saa, na kuta nyingi za nyumba za mbao za kawaida inazitoboa. Siri ni kwamba mbao ikija kwa ncha, nguvu yote inaingia kwenye eneo dogo kama kiganja, afu mbao yenyewe ni ngumu sana ukiisukuma kwa urefu wa nyuzi zake, ni tofauti kabisa na kuivunja kwa kuipinda.

Ndio maana ile picha maarufu ya Puerto Rico, baada ya kimbunga cha tarehe 13 Septemba 1928 ambacho wenyewe wanakiita San Felipe, mi siioni ajabu tena. Inaonesha ubao wa kama futi 10 umepita katikati ya shina la mti wa jamii ya mitende, umetokeza huku na huku kama msalaba. Mtu akiiona leo anasema Photoshop, na Photoshop imekuja 1990. Ni kweli kuchezea picha kulikuwepo hata zamani, kwa hiyo umri peke yake hautoshi kuitetea, ila fikiria na huo mti wenyewe: mitende haina moyo mgumu wa mbao kama mvule au mninga, ugumu wake upo pembeni na katikati ni nyuzi laini zaidi. Ukinionesha ubao huohuo umepita kwenye mti mgumu na mnene hapo na mimi ntauliza maswali mengi zaidi.

Maswali yenyewe ni haya. Tundu limekaza kwenye ubao au lina nafasi pembeni? Kingo zimechanika au zimekatwa laini? Kama ni laini kuna mtu kapita na msumeno, picha inakua ya kweli na tukio linakua la kutengeneza, na huo uongo watu wengi hawaufikirii kabisa, wanawaza kompyuta tu. Afu toa macho kwenye kile kioja, angalia pembeni ambako mpiga picha hakutaka uangalie: majani ya miti mingine yamenyolewa? Miti imelalia upande mmoja? Upepo wenye nguvu ya kupitisha ubao kwenye shina hauwezi kuacha maua yamesimama wima mita tano nyuma yake.

Hapo kwenye "hauwezi" nijirekebishe kidogo, manake kuna tonado inayobomoa nyumba moja na kuacha ya jirani na kikombe mezani, njia yake inaweza kua nyembamba sana. Na kuna sababu za ujenzi pia. Baada ya kimbunga Ike, Septemba 2008, kule Gilchrist, Texas, ilipigwa picha kutoka angani, nyumba moja tu imesimama ufukweni na kuzunguka pande zote ni mchanga na maji, ukiiangalia utaapa kuna mtu kaibandika. Ni ya kweli. Wenye nyumba walishapoteza nyingine kwa kimbunga Rita 2005, wakajenga upya juu ya nguzo ndefu, bahari ilipopanda ikapita chini. Yani maelezo yalikuwepo, ilibidi mtu aulize tu.

Sasa niseme kitu ambacho naona ndio kikubwa. Picha nyingi za uongo za dhoruba hazijaguswa hata kidogo, ni picha halali ya mahali pengine na mwaka mwingine, kilichobadilishwa ni maneno yaliyoandikwa juu yake. Kimbunga Irma kilivyokua kinapiga Karibi 2017 ilisambaa video ya kutisha ya mapaa yanaruka, kumbe ni tonado ya Dolores, Uruguay, ya 2016. Kimbunga Sandy 2012 watu walirushiana wingu jeusi limefunika New York, wingu la kweli, New York ya kweli, ila ni la 2011. Ukikaa unatafuta vivuli na mikunjo kwenye picha kama hizo utakesha, hakuna kosa la kuona. Hapo dawa ni kuitafuta picha kwa picha, Google Lens au TinEye, unaipakia picha zenyewe zinakuonesha ilishawahi kuwekwa wapi mtandaoni, na usitafute mara moja tu: kata lile neno lililobandikwa juu, igeuze kushoto iwe kulia manake wanaoiba huwa wanaigeuza makusudi, afu tafuta tena. Ukiikuta ilikuwepo kabla ya dhoruba yenyewe, kesi imeisha. Usipoikuta popote bado hujathibitisha kitu, inaweza kua mpya kweli au imetengenezwa saa moja iliyopita.

Papa je? Yule papa anayeogelea barabarani pembeni ya gari alianza kuzunguka 2011 wakisema ni Puerto Rico baada ya kimbunga Irene, akarudi 2017 akawa Houston wakati wa kimbunga Harvey, papa yuleyule, mkao uleule. Alikatwa kwenye picha ya mpiga picha Thomas Peschak aliyoipiga Afrika Kusini 2003, papa akimfuata mtu kwenye mtumbwi. Kwa hiyo watu wakajifunza: papa barabarani ni uongo. Afu 2022 kimbunga Ian kikaingia Florida, mkazi wa Fort Myers akarekodi kitu chenye mapezi kinapiga maji kwenye uwanja wa nyumba uliofurika, na mtandao mzima ukamcheka. Waandishi wakamfuata, wakaona faili lake la asili na tarehe yake, wakalinganisha na mahali. Video ilikua ya kweli. Wataalamu wakabishana tu kama ni papa mdogo au samaki mwingine mkubwa. Hii ndio inayoniuma zaidi, tunajifunza somo la jana afu tunamchapa nalo mtu wa leo.

Kwa picha za akili mnemba (AI), habari ya kuhesabu vidole vya watu uone kama vimezidi inazidi kupitwa na wakati. Mi naangalia takataka. Kifusi cha kweli kila kipande kilikua kitu, ukivuta karibu unaweza kutaja: hii kenchi, hii papi, lile bawaba la mlango, ile soli ya kiatu. Kifusi cha AI kwa mbali kinatisha, ukisogea unakuta vipande visivyo na jina, mbao inageuka kua bomba njiani, dirisha halina upande wa ndani. Kwenye mafuriko angalia ule mstari wa tope ukutani, maji yakituama yanakaa sawa, kwa hiyo mstari lazima ulale usawa mmoja kutoka nyumba hadi nyumba, hata kama ardhi inapanda na kushuka, na mashine mara nyingi haikumbuki hilo. Halafu tafuta picha ya pili. Oktoba 2024 baada ya kimbunga Helene ilisambaa ile picha ya mtoto wa kike analia kwenye boti amemkumbatia mbwa mdogo, watu walilia nae kweli, ila zilikuwepo picha mbili na nguo hazikufanana wala boti haikua moja. Tukio la kweli likipigwa mara mbili vitu vinabaki vilevile, pembe tu ndio inabadilika.

Zile programu zinazokupa asilimia ngapi ni feki sizitegemei, zinakosea kwa kujiamini, hasa picha ikishapita WhatsApp ikabanwa. Na metadata, zile taarifa zilizomo ndani ya faili kama tarehe na mahali, zikipita huko zinafutwa, kwa hiyo kukosekana kwake sio ushahidi dhidi ya mtu. Bora uombe faili la asili.

Ndicho nilichofanya mwishowe kwa rafiki yangu, nikiwa nimechelewa. Nilimpigia simu nikamwomba radhi, nikamuuliza kama ana picha nyingine. Akatuma tano. Moja ameipigia nyuma ya mti, na pale kwenye bati misumari ya paa bado ipo, mmoja umeng'ang'ania kipande cha papi chenye rangi ileile ya kibluu ya chumba cha mama yake.